Dada Bluzi, Aliyeimba kwa Kimo cha Mwenzake

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wa hoteli wa zamani na wa sasa, na ninyi wapulizaji mlioketi nyuma na masanduku ya vyombo miguuni, familia inawaomba utulivu, maana haya ni maisha ya mtu, si matangazo, na aliyelala hapa mbele amewavumilia watu wakitafuna huku yeye anaimba, leo na sisi tumvumilie kidogo.

Mpendwa wetu, ambaye nyumbani alikuwa Shangazi na jukwaani Dada Bluzi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi wa ishara za treni na mama mshonaji, na inasemekana hata kilio chake cha kwanza kilikuwa kizito, mkunga akauliza, "Jamani, huyu ni mtoto au diwani?"

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, kisha sekondari ya wasichana hadi 1968, ambako mwalimu wa kwaya alimpanga mstari wa nyuma pamoja na sauti nzito na kumwonya asikubali mtu yeyote amtoe pale, halafu akasomea upigaji chapa, na mwaka 1970 akaajiriwa katika ofisi ya hoteli kubwa, meza yake mwenyewe karibu na dirisha, kazi ya kueleweka, siku ambazo cheti kilikuwa bado kinafungua mlango.

Hoteli ile ilikuwa na bendi ya wanamuziki kumi na sita, tarumbeta, tromboni, saksafoni na wenzao, waliopiga jazi na bluzi za zamani wageni wakila, na tarehe 10 Septemba 1971 mwimbaji wao aliolewa akahama siku hiyohiyo, kiongozi wa bendi, mnayemwita Kapteni, akakimbilia ofisini, akamwambia mpiga chapa huyu, ambaye alizoea kumsikia akiimba huku anapiga mashine, "Dada, niokoe leo tu." Akamwokoa. Sasa, kila mwanamuziki alikuwa na karatasi yake ya noti kwa kila wimbo, zote zimeandikwa kwa mkono kufuata kimo cha sauti ya yule aliyeondoka, sauti nyembamba ya juu, na kuzishusha nyimbo hadi pale koo la Shangazi lilipotaka ilikuwa ni kuandika upya kabati zima la karatasi, kazi ambayo Kapteni peke yake ndiye aliyeiweza, akaahidi kuianza wiki ijayo, and that was that, ile "leo tu" ikaenda miaka arobaini.

Alipofika kwenye noti za juu sauti yake ilipasuka, na wageni waliweka uma chini, wakafuta macho kwa vitambaa vya hoteli, wakasema huyu dada ana hisia, huyu anaimba kutoka rohoni, gazeti moja likaandika eti anayafahamu maumivu, na kweli aliyafahamu, yalikuwa hapa shingoni, kwani akishuka jukwaani alikunywa maji ya moto na kuongea kwa ishara mpaka mchana wa pili, na kadiri alivyoumia ndivyo ukumbi ulivyojaa, hivyo kila alipomkumbusha Kapteni zile karatasi alijibiwa, "Mama, watu wanakupenda hivyohivyo, unataka nini tena?"

Alifunga ndoa na Kapteni huyohuyo tarehe 6 Julai 1974 mbele ya msajili, ambapo mpiga tromboni, aliyekuwa shahidi, alimwambia bibi harusi, "Shemeji, ukimwacha huyu umetuacha yatima wote," watu wakacheka, bibi harusi naye akacheka, wakajaliwa watoto watatu, wa kike mwaka 1975, wa kiume 1978 na kitindamimba wa kike 1982, wote wakalelewa katika vyumba viwili nyuma ya jiko la hoteli, dirisha likitazama ukuta, nyumba ambayo mkataba ulisema ni ya "mwimbaji na familia yake".

Mwaka 1986 bendi ya mji mwingine ilimwita, ikamwambia achague mwenyewe nyimbo zianzie wapi, juu au chini, naye alikuwa ameshafunga sanduku, ndipo meneja wa hoteli, very polite, alipokuja kumweleza kwamba mwimbaji akiondoka familia nayo inatoa vitu siku hiyo, Kapteni akaangalia viatu vyake, watoto wakaangalia mama yao, na Shangazi akafungua sanduku, akapiga pasi gauni la bluu, akapanda jukwaani.

Mwaka 1999 hoteli iliwarekodi wanamuziki wote, kisha ikawafukuza wote, mnisamehe, neno la heshima ni "kupunguza", akabaki Shangazi na mtambo wa kupiga ile rekodi, Kapteni akiwa wa kubonyeza, na wapulizaji walau walikuwa wakimwona amekaukiwa pumzi wanapunguza mwendo kidogo, mtambo hauna shemeji, haumsubiri mtu, akaukimbiza hivyo hadi hoteli ilipouzwa mwaka 2011, na kuanzia hapo hakuimba tena hata akifua.

Sauti yake ilianza kukwaruza mwaka 2021, madaktari wakakuta uvimbe kooni, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 2 Mei 2023, alasiri, bila kuombwa na mtu, aliimba wodini moja ya nyimbo zilezile, chini kabisa, polepole, sauti nene ambayo watoto wake hawakuwahi kuisikia, wagonjwa wakazima redio, na Kapteni, pale kwenye benchi, akamwambia, "Umeanzia chini mno, mama watoto." Akamjibu, "Hapa ndipo ninapoanzia, baba. Kaa usikilize." Akakaa. Alifariki tarehe 9 Juni 2023, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi wa wodi ile, majirani wa nyuma ya jiko, wapiga chapa wenzake na wanamuziki waliofika, inaushukuru pia uongozi mpya wa hoteli kwa shada kubwa kuliko lile dirisha la vyumba viwili, na kwa kujitolea kuleta ile rekodi ya 1999 ya jukwaani ipigwe kaburini, ila watoto wake wamekataa, na Kapteni mwenyewe jana amekubaliana nao, kwa hiyo spika zitarudi kwenye gari kama zilivyokuja, vyombo vibaki kwenye masanduku, na mwenye kutaka kumwimbia aimbe kwa koo lake, hata kama hatutafanana.

Pumzika kwa amani, Shangazi, hakuna anayekungoja jukwaani.