Jeki ya Gari la Spoti

Ndani ya tuktuk ya kwenda Kizingo, kijana alikuwa amepakata jeki mpya, nyembamba. “Gari langu la spoti limepata pancha,” alimwambia mama mmoja wa buibui aliyeketi kati yetu. “Liko chini mno, jeki ya kawaida haiingii.” Mama akauliza, “Na tochi je? Na kamba ya kuvutia?” “Buti lake ni dogo, mama. Jeki ikiingia, hivyo vyabaki nyumbani.” “Basi hilo si gari, mwanangu, ni kiatu.” Kijana akacheka. “Lakini lakimbia!” Mimi nikajifanya natazama barabara.

Mara gurudumu la tuktuk likapasuka, tukasimama. Dereva akatoa spea, akatuomba tuinyanyue tuktuk kwa mikono upande mmoja. Kijana akamnyooshea dereva jeki yake. Mama alikuwa keshashika ubavu wa tuktuk. “Weka kando hiyo,” akamwambia kijana, “njoo ushike hapa.”