Diski ya Kamati ya Makaburi

Kijiwe kile cha Vingunguti hakina kibao wala jina la kuandikwa, lakini ukimwambia dereva wa bodaboda akupeleke kwa Shemdoe atakushusha hapo hapo: mabenchi mawili yanayotazamana, ukuta wa nyuma wa ghala la ngozi, na kunguru wanaorudi kutoka machinjioni wakiwa wameshiba. Shemdoe hufika na birika lake saa moja asubuhi na huondoka kahawa inapokwisha. Jumamosi ile, mwanzoni mwa Novemba, Bwana Adelard Rweyongeza alifika saa nne, akaketi pembeni kabisa mwa benchi, akaweka bahasha ya kaki mapajani. Yeye hupenda kila mtu aitwe kwa jina lake halisi, na kwa sababu hiyo kijiweni hawamwiti kwa jina lake, wanamwita Rejista. Shemdoe alimnyooshea kikombe, yeye akatikisa kichwa. Hapo ndipo wenzake walipoacha kubishana, wakamtazama.

— Shikamoo Rejista. Umefiwa?

Aliyeuliza ni Gibson, fundi mafriji wa zamani, ambaye hapo kijiweni cheo chake ni Injinia.

— Marahaba. Sijafiwa.

— Basi kunywa kahawa, mzee wangu. Unatutisha.

Bwana Adelard alifungua bahasha, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso. Kilikuwa cheusi, bapa, ukubwa wa sabuni ya kufulia, na waya mfupi ukining'inia.

— Ni nini hiyo? Redio?

— Ni diski ya kompyuta. Ya kuchomeka kwa nje. Imekufa.

— Imekufaje?

— Inagonga ndani. Tik, tik, tik. Kisha inanyamaza. Kompyuta haiioni tena.

— Ishu ndogo hiyo, alisema Gibson. — Diski ni chuma tu.

— Si chuma tu, Gibson. Ni ile ya kamati ya makaburi.

Wote waliijua habari hiyo. Mwezi wa Juni, barabara ilipopanuliwa, makaburi ya kando ya kanisa lao yalifukuliwa na mifupa kupelekwa kwenye kiwanja kipya huko Goba. Marehemu mia mbili na kumi na wanne. Kila kisanduku kilipewa namba, na kila kaburi jipya likachomekewa kigingi cha zege chenye namba hiyo, kwa makubaliano kwamba majina yatafuata. Bwana Adelard, katibu wa kamati ya familia, alisimama ukingoni mwa kila shimo kwa siku tisa, akisoma jina msalabani kabla trekta halijaukanyaga, akiliandika pamoja na namba pembeni yake. Namba ipi ni ya nani: hilo lilikuwa ndani ya diski ile. Na kesho yake, Jumapili, padri angekwenda kubariki makaburi, na katibu angesoma majina na namba zake mbele ya familia zote.

Aliyesema kwanza ni Lusungu. Huyu alikuwa tarishi wa mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na mitatu, kwa hiyo kijiweni ni Wakili.

— Uliandika kwenye kaunta buku. Mie nilikuona kwa macho yangu.

— Niliichoma.

— Uliichoma?

— Ilikuwa na makosa. Majina kumi na tisa yalikuwa yamekosewa, mengine mara mbili. Nilipomaliza kuyanakili yote sawasawa kwenye kompyuta, nikaona orodha mbili zisizofanana zitaleta ugomvi baadaye. Na majina ya marehemu huwezi kuyaacha yakaenda kufungia karanga. Nikachoma nyuma ya nyumba.

— Lahaula! alisema Shemdoe.

— Na kompyuta yenyewe? aliuliza Lusungu.

— Ya kuazima. Kamati ilitaka orodha ikae mahali pamoja tu.

— Karatasi je? Hukuprinti hata moja?

Bwana Adelard alikunja leso mara mbili kabla ya kujibu.

— Familia tatu zilikuwa hazijaja kuthibitisha. Nilisema nitachapa zikishakuja. Sikutaka kutoa orodha yenye mapengo.

Gibson alipiga paja.

— Kwa ajili ya watu watatu, Rejista! Watatu!

— Najua hesabu, Gibson.

Aliwaeleza yaliyobaki kwa sauti ya mtu anayesoma muhtasari wa kikao. Diski ilinunuliwa mpya Novemba ya mwaka uliopita, dukani kwa Firoz, Kariakoo, kwa waranti ya mwaka mmoja. Waranti inakwisha leo. Duka linafungwa saa saba. Jana alikwenda, na Bwana Firoz akampa kiti na maji, akamwambia bila kuficha: ukiileta kabla hatujafunga, mzee wangu, nakupa mpya, haina shida. Lakini hii ya zamani inabaki kwetu, inarudi kwa wakala, huko wanaivunjavunja. Na yaliyomo ndani hayamo kwenye waranti. Fundi mwingine, wa Mikocheni, alisema inaweza kufunguliwa, pengine yakapatikana mawili matatu, pengine yasipatikane kabisa. Ila ikifunguliwa tu, muhuri unakatika na waranti imekufa. Mwenyekiti wa kamati amekwisha kuamua. Amesema diski ni mali ya kamati, ibadilishwe.

— Mwenyekiti yuko sahihi, alisema Lusungu. — Waranti ni mkataba. Maana ya mkataba ni kukurudisha ulipokuwa. Wewe ulikuwa na majina. Wakupe diski yenye majina.

— Watayatoa wapi, Wakili? Firoz aliwazika yeye?

— Hilo ni lao! Mie nimeona kesi za namna hiyo.

— Umeona kesi za kuku, alisema Gibson. — Nisikilizeni mie. Huko kugonga tik tik ni mafuta yamekauka. Tunatia mafuta ya cherehani, tone moja. Halafu tunaifunga kwenye mfuko, tunaitia friza usiku kucha. Chuma kikipata baridi kinajikusanya. Nilikuwaga na friji la Mhindi mmoja pale Upanga, lilikufa kabisa, nikalizima siku tatu, likaamka lenyewe.

— Lile lilikuwa friji. Ulilitia friza gani sasa? aliuliza Lusungu.

Shemdoe alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bwana Adelard hakucheka. Alikuwa anaitazama saa yake ya mkononi. Saa tano kasoro.

— Mie nasikia, alisema Shemdoe akifuta birika, — kila kitu ukiandika kwenye kompyuta kinapanda juu. Wanaita wingu. Hakipotei. Unawaandikia barua tu, wanakushushia.

— Wanaishi wapi hao?

— Ulaya huko.

— Na barua utaandika anuani gani? Wingu, Ulaya?

— Au wachukue mbwa, alisema Gibson, ambaye wazo la friza lilikuwa limemwacha na nguvu nyingi. — Mbwa wa polisi. Unamnusisha nguo ya marehemu, anakwenda moja kwa moja kwenye kigingi chake.

— Marehemu wa mwaka sabini na mbili, nguo yake iko wapi?

— Basi waulizwe wenyewe, alisema Shemdoe kwa sauti ya chini. — Wapo wanaojua kuuliza. Mie nasema tu.

— Sisi ni Wakristo, Shemdoe, alisema Bwana Adelard.

— Nasema tu.

Ng'ombe alilia upande wa machinjioni, mara moja, sauti ikakatika. Lusungu alivuta benchi lake karibu, akainama kama anavyofanya anapotaka kusema la kisheria.

— Rejista, majina yenyewe unayakumbuka?

— Yote.

— Yote mia mbili na kumi na manne?

— Anza popote, nitamalizia. Ninachokosa ni namba zake.

— Na siku ya kuhamisha, familia ngapi zilikuja Goba kusimama makaburini?

— Thelathini na moja. Wengine walikuwa mikoani, wengine walikuwa na kazi zao.

— Safi. Hao thelathini na moja wanajua pao. Unawaweka pao. Wanabaki wangapi?

Bwana Adelard alimtazama. Alikuwa amekwisha kuelewa, na kilichomwumiza ni kwamba alikuwa ameelewa tangu usiku wa juzi, kitandani, peke yake, kabla Lusungu hajafungua mdomo.

— Mia moja na themanini na watatu, alisema.

— Namba mia moja na themanini na tatu, majina mia moja na themanini na matatu. Yagawe. Nani atajua? Firoz anakupa diski mpya, unaandika orodha leo jioni, kesho unasoma. Ile ya zamani inavunjwa huko kwa wakala, hakuna wa kuja kuifungua siku moja akakuumbua. Imekwisha.

— Wakili! alisema Shemdoe.

— Nini? Mfupa una jina? Mtoto anataka mahali pa kuweka ua na kusali. Mpe mahali. Marehemu hatabisha.

— Ni uongo, alisema Bwana Adelard.

— Ni huruma, mzee baba. Uongo ni ule unaomwumiza mtu. Kesho ukisimama ukasema sijui, utaumiza watu mia moja na themanini na watatu kwa mkupuo. Watarudi nyumbani na nini? Na wewe watakufanya nini?

Gibson alikuna kidevu.

— Kwa hapo Wakili ana pointi, alisema taratibu. — Mie babangu yumo mle. Sikwenda siku ile, nilikuwa na malaria. Ukinipa namba kesho, Rejista, mie siulizi. Naapa. Nitaweka ua langu, basi.

Hilo ndilo lililomchoma. Alimkumbuka vizuri babake Gibson: Brightson Mwakalebela, msalaba wa mbao uliopakwa rangi ya bluu, safu ya nne. Alikumbuka hata kichwa cha msumari uliopinda. Namba haikuja. Aliitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni akijua kabisa mfuko umetoboka.

Saa tano na dakika ishirini. Alifunga diski kwenye leso, akairudisha kwenye bahasha, akasimama. Lusungu alimwita bodaboda kwa kupiga makofi, na Gibson akampangusia vumbi begani kama mtu anayesindikiza mwenziwe kwenye usaili.

— Kabla ya saa sita umefika Kariakoo, alisema Lusungu. — Ukirudi pitia hapa, tukusaidie kugawa.

Bodaboda alikuwa anageuza pikipiki bajaji ilipoingia mbele yake na kusimama. Mwanamke wa miaka kama arobaini alishuka, khanga kiunoni, mikono na viatu vikiwa na madoa ya saruji.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba.

— Namtafuta mzee Rweyongeza, katibu wa makaburi. Wameniambia anakaaga hapa.

— Ni mimi.

— Afadhali! Simu yako haipatikani tangu juzi, baba.

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameizima tangu Alhamisi.

— Mimi naitwa Bupe. Nimeingia jana usiku kutoka Tunduma. Mamangu alikuwa amezikwa pale kanisani, nimemtengenezea msalaba wa zege na jina lake, nataka kesho padri akifika aukute umesimama. Fundi yuko Goba sasa hivi na zege ameshachanganya. Nimekuja kuchukua namba tu, baba, nisikuchoshe.

— Mama yako ni nani?

— Tusekile Mwambene.

Bwana Adelard alifumba macho.

— Tusekile Mwambene, alisema. — Alizaliwa Rungwe, elfu moja mia tisa na hamsini na moja. Alifariki tarehe kumi na saba Machi, elfu moja mia tisa na tisini na nne. Msalaba wa chuma, na sahani ya bluu ilikuwa imepachikwa kwenye saruji miguuni. Sahani ilikuwa na ufa.

Mwanamke yule alishika mdomo.

— Ndiyo huyo. Sahani ile niliiweka mimi. Nilikuwa darasa la tatu. Mungu akubariki, baba. Unakumbuka yote.

— Yote, alisema Lusungu haraka. — Rejista hasahau kitu.

— Sasa ni namba ngapi?

Bodaboda alikuwa ameshawasha, akaunguruma mara mbili kumwita abiria wake. Gibson alisogea karibu na sikio la Bwana Adelard.

— Sema yoyote, alinong'ona. — Sema moja tu, mzee wangu, aende.

Namba zilikuwa nyingi mdomoni. Mia na nne. Sitini na sita. Yoyote kati ya hizo ingemtosha yule mwanamke, na angeondoka akishukuru, na mama wa mtu mwingine angelala chini ya jina la Tusekile Mwambene mpaka mwisho wa dunia, jina limeandikwa bila kosa hata moja.

— Sijui, mwanangu, alisema.

— Hujui? Si una orodha?

— Orodha imepotea. Ilikuwa humu ndani, na humu mumekufa. Sijui mama yako yuko wapi. Nilikuwa nakwenda kuibadilisha hii na kuandika uongo. Siendi.

Alimpungia bodaboda mkono aondoke, akaketi, bahasha mapajani. Lusungu aliangalia chini. Shemdoe aliinamisha birika kwenye kikombe kwa ajili ya mgeni, yakatoka matone mawili na unga mweusi, akakiweka chini.

Bupe hakulia na hakugomba. Aliwatazama mmoja mmoja, kama anayesubiri mmoja wao aseme wanatania. Simu yake ikalia. Aliitazama, akabonyeza, akainyoosha katikati ya mabenchi mawili ili wote wasikie, wamjibu fundi wenyewe.

— Dada Bupe! Zege linaanza kushika huku, sista. Umempata mzee?

Bwana Adelard aliishika bahasha kwa mikono miwili.

— Halo? Nipe namba basi nisimamishe. Namba ngapi?

Gibson alitazama ukuta. Shemdoe alikuwa ameshika mfuniko wa birika bila kuufunga.

— Halo? Mnanisikia? Namba ngapi?