Sala Iliyokwama Juu ya Tela

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Msipige makofi bado. Ushuhuda huu unanikera hata mimi mwenyewe.

Nilipomaliza chuo nilikwenda kusubiri kazi kwa dada yangu Godeliva, anayelima huko njia ya Karema. Nilikuwa nimeokoka, lakini kuomba siombi. Nilikuwa najiandaa kuomba! Nilichora ratiba ya maombi kwa rula na kalamu nyekundu. Nikaona saa kumi na moja alfajiri ni mapema mno, nikachora nyingine. Kisha nikawaza: nianze na toba au shukrani? Miezi minane, ndugu zangu! Dada alikuwa akienda kisimani kila asubuhi anaongea na Yesu njiani, ndoo kichwani, kama anaongea na jirani. Nilimdharau. Niliona maombi yake hayana mpangilio.

Zikaja mvua za El Nino. Dada akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, mkunga akasema tumkimbize hospitali Mpanda. Tukampakia kwenye tela la trekta. Katikati ya pori trekta likazama kwenye tope. Wanaume wakashuka kuchimba. Dereva akanigeukia: "Msomi, koleo huliwezi. Basi tuombee."

Nikafumba macho. "Ee Mungu wetu..." Nikakwama. Nimtaje mama kwanza, au mtoto? Nikisema mapenzi yako yatimizwe, si nimekubali afe? Nikaanza upya. Nikakwama tena.

"We!" dada akafoka, ameng'ang'ania ubao wa tela. "Unamwandikia barua ya kuomba kazi? Omba, au nyamaza niombe mimi!"

Akaomba mwenyewe, uchungu ulipompa nafasi: "Yesu, ni mimi yule wa asubuhi. Leo siwezi kusimama. Njoo."

Basi. Akatulia, akawa anapumua na kungoja. Mimi nisiyeumwa popote ndiye niliyekuwa bado natafuta neno la kwanza.

Trekta likatoka. Tulifika, akapasuliwa, mama na mtoto wakapona. Haleluya! Lakini mimi Bwana aliniokoa na jambo jingine: ule ujinga wa kudhani nitajifunza kusema naye siku mambo yakiharibika. Siku hiyo hujifunzi kitu! Unatoa ulichonacho, na mimi sikuwa na kitu.

Sasa naomba kila asubuhi, kwa maneno yoyote. Siku nyingine nasinzia katikati. Lakini nyie vijana wenzangu mnaoniambia "tutaanza mambo yakitulia," mnanichosha jamani! Si yametulia sasa hivi? Mnangoja nini? Mwaminini Yesu, mwiteni kesho mkiamka, hata mkikosea maneno. Amenivumilia mimi, atawavumilia na nyie. Namshukuru sana.

Leo sina shida yoyote, ndugu zangu. Sina homa, mahindi yamestawi, mpwa wangu anawapigia kelele hapo nje. Na leo nimeomba. Amina.