Marehemu Hakuwachemsha Samaki

"Shemeji, jina hilo lifutwe," alisema mjane.

"Halifutiki," akajibu mdogo wake marehemu, ambaye ndiye aliyepeleka ratiba hizi za mazishi kuchapwa. "Karatasi mia mbili zimeshatoka. Na kama ni jina, si wewe uliyemtungia?"

Ni kweli, ndiye. Kwa hiyo kila mwenye karatasi mkononi anaona pale chini ya picha pameandikwa Fundi Supu, na wasifu huu umeandikwa ili marehemu asizikwe na jina hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya watano, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na tanuri la matofali. Inasimuliwa kwamba jua la siku hiyo lilikuwa kali hata maji ya kumwogeshea, yaliyowekwa kivulini yapoe, yalizidi kupata moto, mkunga akayasogeza jikoni karibu na jiko ndipo yakapoa. Anayelisimulia hilo ni mjane, ambaye hakuwepo. Wakati huo hata yeye alikuwa hajazaliwa.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1964. Mwalimu wake alimkuta siku moja akipapasa kuta za darasa, pembe hadi pembe, akitafuta palipopoa ili ahamishie dawati lake. Baadaye alijifunza ufundi wa friji kwa mjomba wake, na kuanzia 1969 hadi alipostaafu 2004 alitunza vyumba vya baridi vya kiwanda cha maziwa. Aliweka kiganja mlangoni, akasema "nyuzi nne", na kipimajoto kikamuunga mkono.

Alifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1972. Mkewe alikuwa mpiga pasi katika nyumba ya wageni, na fundi alikuja kutengeneza friji ya pale mara nne mfululizo.

"Friji gani hii isiyopona?" binti yule wa pasi alimuuliza.

"Friji imepona zamani. Anayeumwa ni fundi."

Alipostaafu, binti yao mkubwa alimletea tangi la kioo na samaki kumi na mmoja. Hapo mtu aliyezeekea kwenye baridi akaanza kulinda joto. Nyuzi ishirini na tano, basi. Tangi aliliweka mbali na dirisha, jua lisiliguse. Maji mapya aliyaacha kwenye ndoo hadi yalingane na yale ya zamani, ndipo akayamimina kikombe kikombe. Umeme ukikatika, alilizungushia tangi blanketi la kitandani.

"Samaki wana blanketi, mke ana shuka," mkewe alilalamika.

"Wewe ukiona baridi utatembea. Wao wakitembea wanagonga kioo." Kisha akaongeza neno ambalo mkewe alilisikia kwa sikio moja: "Samaki huvumilia baridi, huvumilia na joto. Kinachomuua upesi ni kurushwa kutoka huku kwenda kule."

Tarehe 9 Julai 2013 marehemu alisafiri kwa siku mbili. Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi nguo za watu sebuleni, alichomoa plagi ya hita ya tangi ili achomeke pasi. Akamaliza, akakunja nguo, akasahau. Asubuhi ya pili maji yalikuwa baridi na samaki wamelala chini kama vijiko. Mwenye akili angerudisha plagi akangoja. Yeye alichemsha birika akalimimina tangini, kisha la pili. Wote kumi na mmoja wakaelea. Akarudisha plagi, akaizungusha swichi ya hita mpaka mwisho, akalisugua birika likang'aa, yeye ambaye hakuwahi kulisugua tangu linunuliwe.

"Nani ameigusa hita?" marehemu aliuliza aliporudi.

"Hita ni yako. Mimi najua inazungushwa wapi?"

Alirudisha swichi kwenye nyuzi ishirini na tano. "Basi nilikosea mimi kabla sijaondoka."

Kabla jua halijazama, bombani watu walishajua kwamba fundi kachemsha supu. Mkewe ndiye aliyewasimulia, na kila aliporudia alizidisha chumvi: mara fundi katia kitunguu, mara jirani kaja na sahani. Jina likashika. Naye marehemu tangu siku hiyo hakutengeneza tena friji ya mtu. "Mkono uliokosea tangi," alisema, "utaozesha chakula cha watu." Mkono ule haukukosea kitu. Mkewe alilijua hilo kila alipopanga nguo zilizokunjwa ndani ya tangi lile kavu, na kwa miaka kumi na zaidi, yeye mwenye maneno mengi, hakupata hata moja.

Januari mwaka huu marehemu alianza kuumwa mapafu. Alilazwa tarehe 3 Aprili, wodi ya wanaume, kitanda cha sita, na alifariki tarehe 20 Aprili 2024, saa nne na nusu asubuhi. Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu saba na mdogo wake. Wenye karatasi wanaombwa walikate jina lile kwa kalamu. Asiye na kalamu atumie ukucha.

Asubuhi ile ya mwisho mjane alikaa ukingoni mwa kitanda. "Baba," akaanza, "siku ile ya samaki..."

Marehemu akafumbua macho. "Mke wangu, miaka yote hii nimetaka kukuuliza. Siku ile, kwa nini ulilisugua birika?"

Mjane akafungua mdomo. Muuguzi akaingia na kipimajoto, akasema wageni wasubiri nje, na jibu likatoka na mjane mlangoni, likafika leo, hapa kaburini, ndani ya wasifu huu.

Apumzike kwa amani, pale joto la maji lisipopanda wala kushuka.