Mama Pindo na Beji ya Kuogelea

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kwanza, maana mimi nikianza huwa simalizi upesi.

Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyezikwa juma lililopita. Mtaani walimwita Mama Pindo. Hakuweza kuitikia salamu bila kukukagua nguo. "Shikamoo, Mama Pindo." "Marahaba, mwanangu. Sketi yako imefumuka nyuma." Ndivyo alivyokuwa.

Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa pia kiongozi wa skauti. Cheo hicho cha pili alikipata uzeeni, tena kwa kunywa maji mengi asiyoyaomba.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja, cherehani ya miguu, na meza yenye alama nyeusi ya pasi. Watoto wa skauti walimpelekea mashati awashonee beji zao. Naye alikuwa na sharti: hashoni beji mpaka mwenyewe aoneshe anachokijua, palepale. Wa beji ya mafundo afunge kamba kwenye mguu wa cherehani. Wa huduma ya kwanza amfunge bendeji jirani, fundi viatu. Masikini yule bwana! Alifungwa bendeji mpaka wateja wake wakawa wanampa pole.

Basi, mwaka mmoja kiongozi wa kundi lile akahamishwa kikazi. Wazazi wakaitwa mkutanoni, na ghafla kila mzazi akakumbuka ana shughuli nyingi. Mama Pindo alikuwa mjane, na wanawe walishaondoka nyumbani. Akanyoosha mkono. "Kelele za hawa watoto zikiondoka," alisema, "mimi nitagombana na nani? Na cherehani?"

Wakamkubali. Lakini palikuwa na kanuni. Kiongozi lazima awe na beji ya kuogelea, kwa sababu anawapeleka watoto wa watu majini. Asipoipata kabla ya shule kufungwa, kundi linafutwa. Narudia kwa aliyekuwa anafunga dirisha: bila beji, hakuna kundi. Na Mama Pindo hakujua kuogelea. Maji aliyoyazoea ni yale ya ndoo.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Huyu samaki wetu alikuwa ameshakauka.

Watoto wakaanza kumfundisha, kila Jumamosi, kwenye bwawa la manispaa. Alijishonea vazi la kuogelea lenye mikono mirefu na pindo chini ya magoti. Likiingia hewa, linavimba mgongoni kama puto.

"Bibi, piga miguu!"

"Si napiga!"

"Bibi, hapo umesimama!"

Sasa tegeni sikio. Mtahini wa kuogelea alikuwa mmoja tu, na mmoja huyo alikuwa mume wa binti yake. Mkwe, wasikilizaji! Mama mkwe aingie majini mkwewe akitazama! Tena hawakuwa wakiiva chungu kimoja. Mama Pindo alimwona mkwewe mpole kupita kiasi, mtu wa "ndiyo mama, sawa mama". Aliwahi kumwambia binti yake, "Mume wako hajui kusema hapana. Mwizi akiingia, atamwandalia chai."

Siku chache kabla ya mtihani mkwe akaja chumba cha kazi. Akasimama mlangoni, macho sakafuni.

"Mama, kukutazama ukiwa majini siwezi. Ni aibu kwako na kwangu. Niruhusu niandike tu kwamba umefaulu."

Mama Pindo akalizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Na mtoto wa watu akizama, nitamwokoa kwa mwandiko wako?"

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa! Siku hiyo mimi si mama mkwe, ni mtahiniwa. Na macho uje nayo."

Siku ikafika. Alitakiwa aende ng'ambo na kurudi bila kushika ukingo. Kwenda alikwenda, kwa mwendo wa bata mwenye mawazo. Kurudi, karibu kabisa na mwisho, pumzi ikamwishia. Akashika ukingo. Vidole tu, kidogo, kisha akaachia na kumaliza. Dada yake Mama Pindo, aliyekuja kushuhudia, akapiga vigelegele. Watoto wakaruka juu. Kila mtu alikuwa ameona, na kila mtu akajifanya hakuona.

Mama Pindo akabaki majini, anahema, anamtazama mkwewe. Baadaye alimwambia binti yake kwamba pale aliomba mambo mawili kwa pamoja: Mungu amfumbe yule kijana macho, na Mungu asimfumbe.

Mkwe akainua macho. "Mama... umeshika ukingo. Hujafaulu."

Mama Pindo akapanda ngazi, vazi linachuruzika, akamnyooshea mkwewe mkono wa kushoto. Skauti hupeana mkono wa kushoto, lakini dada yake hakulijua hilo. "Mkono wa kushoto!" akapiga ukelele. "Jamani, amemlaani mkwewe!"

Jioni ile Mama Pindo alimwambia binti yake, "Leo ndiyo nimejua kwamba umeolewa."

Toka hapo mwalimu wake akawa mkwe mwenyewe. Kila akitoka kazini, anasimama ukingoni. "Hapana, mama. Rudia." Naye anarudia, huku akimwita majina ambayo siwezi kuyasoma redioni. Shule zilipokaribia kufungwa, akarudia mtihani, akaenda na kurudi bila kugusa kitu. Kundi likabaki. Akaliongoza mpaka magoti yalipokataa, na hakuna mtoto aliyepotea majini mikononi mwake.

Makaburini nilimpa pole mkwewe. Akaniambia, "Nilidhani nikimwambia hapana nitampoteza. Kumbe ndipo alipoacha kuniita mkwe, akaanza kuniita mwanangu."

Kwa binti yake, kwa dada yake, kwa huyo mwanawe na kwa skauti wote aliowalea: poleni sana. Mungu ampumzishe fundi wetu pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaachia swali la kulala nalo. Yupo mtu aliyewahi kukutazama usoni, anakupenda na anakuogopa, akakwambia hujafaulu? Ulimpa mkono, au mpaka leo ukimwona unavuka barabara? Kama bado yu hai, mtafute kesho. Anzeni na salamu tu, mengine yatakuja.