Barua Iliyolala Kabatini

Kinyozi alikuwa amefunua gazeti, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele cha basi, ambako mfagiaji wa shule ya serikali alikuwa amembana karani wa tume ya uchaguzi. “Mwizi kahukumiwa mchana kweupe, jina lake likapita kugombea udiwani. Langu mkalikata!”

“Dada, yule kakata rufaa, na rufaa haijaisha. Wewe ni mtumishi wa umma, ulitakiwa ujiuzulu kwanza.”

“Si nilijiuzulu! Barua nilimkabidhi mwalimu mkuu mkononi.”

“Haikufika wilayani.”

“Itafikaje? Kaifungia kabatini! Eti hatapata mwingine wa kusugua vyoo kama mimi.”

Shukrani ya punda ni mateke, kinyozi alijisemea, ingawa haya yalikuwa mateke ya mapenzi.

“Kwa hiyo ningeiba kwanza, ndiyo nifae?” mfagiaji akauliza.

“Sheria sikuitunga mimi, dada. Mimi naisoma tu.”

Basi likasimama langoni mwa shule. Mfagiaji akasonya, akashuka na funguo zake. Karani akatoa kichwa dirishani. “Dada! Kesho utufungulie mapema, kura zinapigwa hapo kwako.”