Fomu ya Samaki

Kijiwe chao ni benchi la mbao mbele ya kibanda cha Fundi Saa, mkabala na lango la hospitali. Asubuhi hiyo Fundi hakufungua kibanda. Alikaa na wenzake, kahawa mkono mmoja, fomu mkono wa pili. Binti yake wa miaka miwili alikuwa amelazwa ng'ambo ya barabara, moyo wake ukidunda ovyo, na daktari alitaka sahihi kabla ya saa sita. Fomu iliomba ruhusa: wachukue damu, watafute jeni yenye kasoro, kisha waiharibu jeni kama hiyo kwenye mayai ya samaki kwa sindano ya kioo, waone kama mioyo ya samaki nayo itakosea mapigo.

Hadi hapo Fundi alielewa. Yeye mwenyewe, akitaka kujua kigurudumu kinafanya kazi gani, hukitoa akatazama mshale upi umesimama. Kilichomchanganya ni samaki.

– Samaki mkunje angali mbichi, alisema Kocha, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote. Hawa wanamkunja angali yai. Atakua mviringo.

– Acha mzaha, alisema Wakili, mfungua mlango mstaafu wa mahakama. Samaki akibeba ugonjwa wa mtoto, ni ndugu yake. Atarithi.

– Arithi nini, kibanda cha saa?

– Hata hicho.

Kocha akatoa hoja kwamba damu ni nzito kuliko maji, kwa hiyo samaki huyo atazama tu. Wakili akadai mwisho wake mtoto atapewa moyo wa samaki, na kila mvua ikinyesha atatoroka nyumbani.

– Lakini atapona? aliuliza Fundi.

Wakili akaichukua fomu, akaisoma.

– Wameandika "huenda". Huenda ni hapana iliyovaa suti.

Mama mmoja aliyeleta saa ya ukutani alikuwa amesimama akisubiri kibanda kifunguliwe.

– Samahani, baba. Mama yake mtoto anasemaje?

Kocha akatazama ndani ya kikombe. Wakili akaigeuza fomu, akatafuta upande wa nyuma.

Fundi akatazama lango la hospitali. Mkewe alikuwa na siku ya nne kwenye kiti kando ya kitanda. Daktari alipoitoa ile fomu, mkewe ndiye aliyenyoosha mkono kwanza; Fundi akaiwahi.